Kabla hujanunua kabati la viatu vuli hii, uliza maji yataenda wapi

Mwenzenu nililizwa. Mwaka jana vuli ilipoanza nilijinunulia kabati la viatu. Lilikuwa jeupe, la milango mitatu inayoinamia mbele ukiivuta, na jembamba kiasi kwamba nililiweka nyuma ya mlango wa kuingilia na mlango ukafunguka wote bila kuligusa. Kwenye picha ya tangazo walikuwa wamepanga raba nyeupe pe na viatu vya mchuchumio, vyote vimesimama wima kama vitabu. Chini yake wameandika jozi 18. Nikalipa, nikakesha nafunga skrubu, nikajipongeza.

Wiki ya tatu ya mvua nilifungua mlango wa chini nikapokewa na harufu. Buti zangu za ngozi, zile ninazozipenda kupita viatu vyangu vyote, zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu kuanzia kwenye kamba hadi kisiginoni. Nikainama zaidi. Sakafu ya kabati imevimba, lile ganda jeupe limebanduka pembeni, na mbao ya ndani ukiiminya kwa kidole inabonyea kama karatasi iliyoloa. Kabati lilikuwa halijafikisha hata miezi miwili.

Kwa hiyo msinitegemee leo kwenye mambo ya rangi, wala kama linaendana na pazia. Miongozo ya namna hiyo imejaa tele. Swali langu ni moja, na nimelirudia mpaka nyumbani kwangu wananicheka: kiatu kikiingia kimelowa, yale maji yanaenda wapi?

Yana njia tatu tu. Yatashuka chini, au yatanywewa na kitu ambacho kiatu kimekalia, au yatapanda hewani. Kabati langu lilikuwa limeziba ya kwanza na ya tatu, ikabaki ya kati, na hapo kati palikuwa na chipbodi. Chipbodi ni chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi na kuvikwa ganda la plastiki. Juu pale penye ganda ukimwaga maji unafuta yanaisha. Ila kwenye kingo, na kwenye kila tundu la skrubu, pako wazi. Maji yakishapenya hapo mbao inavimba na hairudi tena. Na kiatu kilicholowa hutiririshia maji hapo hapo kwenye kona, kwa sababu kwenye makabati ya kuinama kiatu husimama kwa ncha yake.

Halafu kuna hewa. Buti ya ngozi ukiishika kwa nje baada ya saa chache utasema imekauka. Ingiza mkono ndani, kwenye bitana na chini ya soli ya ndani, utakuta bado baridi na unyevu, na mara nyingi huchukua siku nzima au mbili kukauka kabisa. Hata siku ambayo haikunyesha, mguu uliofungiwa ndani ya buti tangu asubuhi umetoa jasho la kutosha. Ukifungia jozi nne za namna hiyo kwenye sanduku lisilo na tundu, unyevu wa humo ndani unapanda. Kwa kawaida watu wa afya ya majumbani wanashauri unyevu wa hewa ndani ya nyumba usivuke asilimia 60, maana juu ya hapo ukungu unapata makazi. Ndani ya kabati lililofungwa lenye buti mbichi, asilimia 60 mtaisikia kwa jirani.

Wengine watasema, basi ziweke karibu na hita zikauke upesi. Msifanye hivyo. Ngozi ikikaushwa kwa moto inakakamaa, kisha inapasuka pale mguu unapokunjia. Chomekeni magazeti ndani, yabadilisheni yakilowa, laza buti kwa ubavu ili na soli ipate hewa. Inachukua muda, na ndiyo maana mahali pa kuzikaushia panatakiwa pawe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kuna moja limewakuta wasomaji wawili, nao wamelalamikia watengeneza buti bila kosa, nadhani. Umehifadhi buti vizuri ndani ya boksi, hujazigusa miaka kadhaa, siku unazivaa, hatua ya kumi soli inamomonyoka kama biskuti. Soli nyingi nyepesi za kisasa ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na aina nyingi za poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kama buti imelala tu. Kuzifungia mahali pasipo na hewa, tena zikiwa na ubichi, kunaharakisha. Kuzivaa mara kwa mara na kuziweka pakavu kunazipa umri.

Sasa nipange vya kuwekea viatu, kuanzia ninachokipenda zaidi. Sitajidai sina upande.

Ya kwanza: rafu za waya za Elfa, na trei chini yake

Nawapenda Elfa na sioni haya kusema. Ni kampuni ya Sweden iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, na kitu chao cha mwanzo kabisa kilikuwa kichanja cha waya cha kuanikia vyombo. Mliposoma hapo mmeelewa kwa nini nimeruka kitini. Watu walioanza kwa kufikiria sahani inachuruzika vipi ndio ninaotaka wanitengenezee mahali pa buti. Makabati mengi ya viatu yametengenezwa na watu wanaofikiria mlango utafungwaje.

Mpango wao uko hivi. Reli moja ya chuma inafungwa juu ukutani, vyuma vya wima vinaning'inia kutoka hapo, na rafu za waya uliovikwa rangi ngumu ya epoksi zinakaa kwenye mikono inayochomekwa popote upendapo. Maji yanapita, hewa inapita. Hakuna miguu, kwa hiyo sakafu ya chini iko wazi unaweka trei. Na kwa vile mikono inahamishika, vuli unaacha nafasi ya sentimita 45 au 50 kwa buti ndefu, na joto likirudi unazisogeza rafu karibu karibu kwa ajili ya ndala na sendo. Wana hata rafu za viatu zinazovutwa nje kama droo.

Kasoro ninazijua. Kisigino chembamba kinazama katikati ya waya, hivyo viatu vya mchuchumio vinataka kipande cha plastiki ngumu chini yake. Lazima utoboe ukuta, na mpangaji anajua hiyo ni vita nyingine. Na waya haubagui: buti iliyolowa ukiiweka juu itavidondoshea matope viatu vya swedi vilivyo chini. Mbichi kaa chini, kavu panda juu, siku zote. Bei nayo ni kali. Kwangu mimi, nikikumbuka zile buti, naiona halali.

Kabla hujaagiza rafu yoyote, ya hao au ya wengine, pima kina chake. Namba za viatu za Ulaya zina siri nzuri: kila namba ni theluthi mbili ya sentimita kwenye urefu wa kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu hushonewa juu yake. Kwa hiyo namba 42 ni kalibu ya sentimita 28, namba 45 ni sentimita 30. Ongeza sentimita mbili tatu za soli na ngozi ya nje. Sasa rudini kwenye matangazo mhesabu ni rafu ngapi zina kina cha sentimita 25 au pungufu, na mjiulize kisigino cha kiatu cha baba wa nyumbani kitakaa juu ya nini.

Ya pili: trei peke yake

Kama unaweza kununua kitu kimoja tu vuli hii, nunua hii, hata kabla ya Elfa. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu haipangi viatu, inavipokea tu. Trei ya plastiki au mpira, bapa, yenye kingo zilizoinuka pande zote nne. Angalia kingo, usiangalie maua yaliyochorwa. Kingo ya nusu sentimita ni mapambo. Jozi tatu za gambuti zikiingia na maji ya barabarani, yanamwagika sakafuni. Nataka angalau sentimita mbili.

IKEA, wale wauza samani, wana moja inaitwa BAGGMUCK, ya plastiki ya kijivu, isiyo na mbwembwe yoyote, inayoingia buti za watu wazima jozi tatu ukizibananisha kidogo. Inatosha. Ila trei yoyote ina tatizo lile lile: maji yanabaki pale na soli inakaa ndani ya dimbwi. Weka kichanja kidogo cha waya juu yake, au tandaza kokoto laini zilizooshwa, ili viatu visimame juu ya maji. Kokoto zinapendeza wiki mbili. Baada ya hapo zinajaa matope, na utazisuuza mwenyewe, watoto hutawaona.

Ya tatu: benchi la fito za mbao

Kitu cha kukalia ukivaa viatu, na chini yake fito zilizoachana. Liwe la mbao nzima, lisiwe la chipbodi iliyochorwa mishipa ya mbao. Geuza uangalie chini: mbao nzima mistari yake inaendelea kwenye kona, ile ya kuchorwa inakatikia ukingoni. Mianzi pia ni sawa. Tatizo lake ni kimo. Nafasi ya chini ya benchi mara nyingi ni sentimita 18 au 20 kwa rafu, inatosha raba na buti za kifundoni basi. Buti za kufika magotini zitalazwa, na buti ndefu iliyolazwa imekunjika shingo inaweka mkunjo ambao haunyooki. Kunja gazeti nene lizungushe, lichomeke ndani ya shingo, isimame.

Ya nne: makabati ya kuinama, kwa viatu vikavu tu

Sijasema yachomwe moto. Mahali pembamba hayana mpinzani. Kama huna budi, tafuta ya plastiki au ya chuma yasiyo na chipbodi ndani. TRONES za IKEA ni za plastiki tupu, zinafungwa ukutani juu ya sakafu, na kina chake ni kama sentimita 18. Kitu kikichuruzika unapangusa. Lakini viatu viingie humo vikiwa vimeshalala usiku mmoja kwenye trei, na buti za soli nene sahau, hazipiti. Na kabati lolote refu la namna hii lifungwe ukutani kwa skrubu, hasa penye watoto: milango yote mitatu ikifunguliwa kwa pamoja uzito unakuja mbele.

Zilizobaki

Zile rafu za kitambaa za kuning'iniza, vichanja vya mabomba membamba vya kuunganisha kwa vichwa vya plastiki, maboksi ya kadibodi: kwa sendo zinazosubiri joto lirudi, sawa, ukizisafisha na kuzikausha kwanza. Kwa buti, hapana.

Sasa niseme lililoko moyoni kuhusu hizi jozi 18. Nilipoamua kulihesabu kabati langu kwa viatu vya watu wanaoishi kwangu, liliingia jozi tisa. Wauzaji wanahesabu kiatu kimoja kimepandishwa juu ya mwenzake, vya namba ndogo, vyembamba, bila hata buti moja. Halafu wanapandisha bei kila vuli ikikaribia, kabati lile lile, picha ile ile, wamebandika jani la rangi ya chungwa kwenye kona na kuliita la msimu. La msimu gani? Msimu wenyewe ni mvua na matope, na kwenye picha zao zote hakuna tone la maji. Nimetafuta tangazo moja, moja tu, linaloonyesha buti yenye tope ndani ya kabati linalouzwa. Mkiliona nitumieni.

Niliwaandikia walioniuzia, nikawatumia picha za ukungu na za sakafu iliyovimba. Walinijibu baada ya siku 11. Wakasema bidhaa imetengenezwa kwa ajili ya viatu vikavu, na kwamba nimeitumia isivyo. Nikarudi kwenye tangazo lao nikalisoma mstari kwa mstari, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Neno "vikavu" halikuwemo. Juzi nimechungulia tena: kabati bado linauzwa, na sasa wameandika jozi 20.