Gongo la hurling lililofika Mombasa, na kijana wa Toomevara aliyenifanya niliagize

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 niliagiza magongo mawili ya hurling, mchezo wa Ayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, moja la inchi 34 na la pili la inchi 32, pamoja na mipira mitatu na helmeti moja yenye wavu wa chuma usoni, kutoka duka la Ayalandi linalouza kwa mtandao. Mimi hufundisha mpira wa magongo katika shule ya sekondari hapa Mombasa, na wenzangu walikuwa na haki kuniuliza kwa nini nitoe fedha zangu kununua vifaa vya mchezo ambao pwani hii hauchezwi. Sababu ni Darragh McCarthy wa kijiji cha Toomevara, kaunti ya Tipperary huko Ayalandi, kijana aliyekuwa na miaka 19 wakati huo, ambaye msimu wake wa kwanza katika michuano ya ubingwa ya wakubwa niliufuata tangu Aprili hadi Julai. Vifaa nimevitumia miezi minne sasa, na nitavipima kwa yale niliyomwona akiyafanya.

Aliyenionyesha kijana huyo ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kwa simu, nje ya chumba cha kuwekea vifaa. Ilikuwa video fupi ya tarehe 27 Aprili, Tipperary wakicheza ugenini na kaunti ya Cork. Wachezaji wanasukumana wakisubiri mwamuzi arushe mpira, McCarthy anampiga mpinzani wake kwa gongo, na kadi nyekundu inatoka. "Mwalimu, kafukuzwa na mpira bado uko mkononi mwa refa!" wanafunzi walisema, na video ikazunguka shule nzima. Timu yake ilicheza mechi yote ikiwa na watu 14 badala ya 15, ikafungwa kwa tofauti ya pointi 15, na hiyo ilikuwa mara ya pili mwezi huo Cork kuwashinda, kwani walikuwa wamekwisha kuwapokonya ubingwa wa ligi katika fainali.

Mimi sikucheka. Miaka michache iliyopita nilimwondoa kikosini mchezaji wangu kwa kosa dogo kuliko hilo, nikidhani ninamfunza adabu, na hakurudi tena kiwanjani. Kwa hiyo nilitaka kujua walimu wa kijana huyu watamfanya nini, na kuanzia wiki hiyo nikawa ninatafuta mechi za Tipperary kila zilipochezwa.

Walimrudisha. Meneja Liam Cahill aliendelea kumpa mipira ya adhabu aipige, kazi ambayo timu nyingi huwaachia wazee wa kikosi, na mwaka huo huo kijana akawamo pia katika kikosi cha Tipperary cha chini ya miaka 20 kilichotwaa ubingwa kwa kuwafunga kaunti ya Kilkenny. Tarehe 6 Julai, katika nusu fainali ya wakubwa dhidi ya Kilkenny hao hao, alifukuzwa tena, safari hii kwa kadi mbili za manjano. Timu iliokolewa na bao la Oisín O'Donoghue mwishoni, ikashinda kwa pointi mbili. Katika hurling goli moja huhesabiwa pointi tatu, na mpira unaopita juu ya mwamba katikati ya nguzo huhesabiwa pointi moja, ndiyo maana matokeo huandikwa kwa jozi za tarakimu, magoli kwanza kisha pointi: siku hiyo 4-20 kwa 0-30. Kadi mbili za manjano hazimfungii mchezaji mechi inayofuata, kwa hiyo mlango wa fainali ulibaki wazi kwake, na Cahill akampanga.

Fainali ilichezwa Croke Park, Dublin, Jumapili ya tarehe 20 Julai, ikaanza saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu. Wapinzani walikuwa Cork, ambao hawakuwa wametwaa kombe hilo tangu 2005. Wakati wa mapumziko Cork walikuwa mbele kwa pointi sita. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nikaenda kuswali, na niliporudi nikadhani mitambo imeharibika, kwa kuwa Tipperary walikuwa wanaongoza. Niliirudisha picha nyuma nikatazama upya. Katika kipindi chote cha pili Cork walipata pointi mbili tu, na Tipperary 3-14. Matokeo ya mwisho yalikuwa 3-27 kwa 1-18, pointi 15 tena, ila sasa upande wa Tipperary. Katika hizo 3-27 za Tipperary, McCarthy alifunga 1-13. Goli lake lilitokana na penalti, na penalti hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye tovuti ya duka.

Tangu 2015 mpiga penalti husimama mbele ya kipa peke yake, na sharti aupige mpira kabla haujavuka mstari wa mita 20. Mpira uko chini kwenye nyasi na mkono hauruhusiwi kuugusa. Anauchota kwa ncha ya gongo, unapanda hewani, na kabla haujashuka ameshauzungushia gongo lote. Kwetu kwenye mpira wa magongo ukikosea kipimo, mpira angalau bado uko chini na unaweza kuufukuza. Kwenye hurling ukiuchota vibaya, umebaki unapiga hewa mbele ya watu 82,000. Nilitazama mara tano jinsi kijana aliyefukuzwa wiki mbili kabla alivyoinama pale bila haraka, nikaona kwamba hili sitalielewa kwa macho.

Kifurushi kilichukua wiki tano. Kila gongo niliuziwa euro 40, karibu shilingi 6,000, na mpira mmoja euro 10. Usafiri ulinigharimu zaidi ya gongo, na anayetaka kuagiza ni bora aagize vitu vingi kwa pamoja.

Gongo la inchi 34 ni jepesi kuliko nilivyotarajia. Mshikio umezungushiwa utepe wa mpira ambao hautelezi hata mkono ukitoka jasho, na kichwa ni ubapa mpana kama kiganja kilichokunjuliwa, uliofungwa ukanda wa bati kwenye ncha. Pande zote mbili za ubapa hupiga, jambo lililowachanganya sana wanafunzi wangu, maana tumewafundisha kwamba upande wa mgongo wa gongo haugusi mpira kamwe. Mpira wenyewe, uitwao sliotar, ni wa ngozi vipande viwili vilivyoshonwa, mshono ukiwa umeinuka kama ukingo wa sahani, na uzito wake ni kati ya gramu 110 na 120. Huo ukingo ndio unaonaswa na ncha ya gongo wakati wa kuuchota. Siku ya kwanza niliuweka mita 20 kutoka golini nikapiga mara 40. Mara 7 tu mpira ulipaa ukagongwa sawasawa. Baada ya wiki tatu nilifika 22. Sikuwa na kipa mbele yangu, wala Cork.

Mbao ndiyo sifa kubwa ya bidhaa hii. Nililipeleka gongo kwa fundi wa majahazi karibu na Bandari ya Kale, mzee ambaye namheshimu kwa jicho lake, nikamwomba anieleze anachokiona. Alilipitisha kidole kuanzia kwenye mshikio hadi mahali linapopinda, akifuata nyuzi za mbao, kisha akaligeuza kwenye mwanga. "Hili halikupindwa, mwanangu," akasema. "Mti wenyewe umezaliwa hivi, na aliyelichonga aliujua kabla ya kuukata. Ni kama taruma." Mataruma ya jahazi, zile mbavu za ndani, huchaguliwa kutoka miti iliyojipinda yenyewe, kwa kuwa mbao iliyonyooka ukiichonga umbo la upinde utakuwa umezikata nyuzi zake na itavunjika kwenye wimbi la kwanza. Alikuwa amesema kweli bila kuambiwa. Gongo la hurling hutengenezwa kwa mti wa ash, na kwa ile sehemu ya chini ya shina tu, pale linapotanuka kuelekea kwenye mizizi. Miti hiyo sasa inakufa kwa ugonjwa wa ukungu ulioonekana Ayalandi mara ya kwanza mwaka 2012, na mafundi wengi hununua mbao kutoka nje au wamegeukia mianzi na plastiki ngumu. Yangu yote mawili ni ya mti halisi, nami sijutii, ingawa kwa shule nzima sitashauri kutegemea mbao iliyo adimu hivyo.

Kasoro zipo. Misumari midogo inayoshikilia ukanda wa bati ilianza kutu kabla ya wiki ya sita, kwa sababu ya chumvi ya hewa yetu, na ukanda wa gongo dogo ukalegea hadi ukamkwaruza mwanafunzi kidole. Hili ni kosa la muuzaji, ambaye anajua anasafirisha bidhaa hadi miji ya bahari na hasemi lolote. Mipira ilichubuka upesi kwenye kiwanja chetu chenye changarawe za matumbawe. Helmeti imetengenezwa vizuri na wavu wake umenizuilia mpira mmoja ambao ungenitoa meno, lakini saa tisa mchana haivaliki zaidi ya dakika kumi na tano. Hata hivyo, pasiwe na anayecheza bila helmeti. Huko kwao ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010, na nilipoona jinsi gongo linavyozunguka kwenye usawa wa uso sikuhitaji kuelezwa sababu.

Kuna jambo jingine nililolipata ambalo halikuandikwa kwenye ukurasa wa duka. Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu alitaka kujua kijana huyo analipwa kiasi gani. Halipwi mshahara. Chama kinachosimamia mchezo huo kiliundwa Thurles mwaka 1884, ndani ya Tipperary hiyo hiyo, na hadi leo wachezaji wake si wa kulipwa. McCarthy huchezea klabu ya kijiji chake na kaunti yake, na kitu alichopewa mwisho wa 2025 ni tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Mwanafunzi alinyamaza, akachukua gongo la inchi 32, akaenda kuchota mpira ukutani peke yake hadi kengele ilipolia. Video ile ya Aprili sijamsikia akiitaja tena.

Nitaagiza mengine manne, yote ya inchi 32, kwa kuwa hilo ndilo linalowafaa vijana wangu wengi kuliko la 34, pamoja na helmeti nne. Fundi ameshabadilisha misumari ya yale mawili ya kwanza, akatia ya shaba. Alitaka pia kuyapaka mafuta ya sifa, yale ya maini ya papa, kama jahazi, lakini harufu yake isingetuacha kukaa chumba kimoja na magongo hayo, kwa hiyo tumetumia mafuta ya kitani, ambayo ndiyo wanayotumia Waayalandi wenyewe.