Uzoefu wangu wa miezi minne na huduma ya kuelekeza simu

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, na namba yangu ya simu imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa karakana yangu ya Tabata tangu siku niliyoifungua, kiasi kwamba kuibadilisha leo ni sawa na kuanza biashara upya. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya siku siko karakanani. Huwa niko juu ya ngazi kwenye ofisi za Posta, au chini kabisa kwenye maegesho ya ghorofa ambako mtandao haufiki, na mteja ambaye samaki wake wanaanza kuyeyuka hana subira ya kupiga mara ya pili. Akiambiwa tu kwamba simu anayopiga haipatikani kwa sasa, anamtafuta fundi mwingine. Ndipo nilipoamua simu zangu zielekezwe kwa kijana ninayefanya naye kazi, ambaye hashindi mbali na karakana.

Nilianza vibaya. Niliingia kwenye mipangilio ya simu, nikakuta machaguo manne, nikachagua la kwanza, lile la kuelekeza simu zote wakati wote. Siku ilipita kimya, nikaona biashara imedorora, kumbe kila aliyenipigia alipokelewa na kijana, akiwemo mama mkwe aliyepiga kutoka Korogwe akajibiwa, "Niambie mwanangu," kwa sababu skrini ya kijana ilionyesha namba ya mpigaji tu, bila dalili yoyote kwamba simu hiyo imepitia kwangu. Nilitumia jioni nzima kuomba radhi.

Pigo la pili lilikuwa la salio. Mteja analipia simu yake mpaka kwenye laini yangu, lakini kipande kinachotoka kwangu kwenda kwa kijana ninakilipia mimi, kama vile nimempigia mwenyewe. Kijana anatumia mtandao tofauti na wangu, na kifurushi nilichokuwa nimejiunga kilikuwa cha dakika za ndani ya mtandao peke yake, kwa hiyo vocha niliyoweka asubuhi haikufika adhuhuri. Nilipopiga huduma kwa wateja nilizungushwa kwenye menyu hadi nikakata tamaa. Sasa najiunga na dakika za mitandao yote, na gharama imekuwa ya kuvumilika.

Niliiokoa huduma hii nilipoacha menyu na kuanza kubonyeza namba za nyota na reli, ambazo hukubali hata kwenye simu ya kitochi. Kwanza nilifuta kosa langu kwa ##21#. Kisha nikabonyeza **62*, namba ya kijana ikianza na +255, halafu #, na hii ndiyo inayofanya kazi simu yangu inapokuwa imezimwa au iko mahali pasipo na mtandao. Kwa simu inayoita bila kupokelewa nilitumia **61* badala ya **62*, na hapa kuna jambo ambalo menyu ya simu yangu haikunionyesha: unaweza kuamua simu iite kwa muda gani kabla ya kuhamishwa, kuanzia sekunde 5 hadi 30, kwa hatua za sekunde tano tano. Baada ya namba ya kijana unaongeza *11* na idadi ya sekunde, kisha #. Nilijaribu 10, kijana akawa ananinyang'anya simu ambazo nilikuwa tayari nafuta mikono nizipokee. Nikaweka 30, wapigaji wakawa wanakata wenyewe. Kwa kazi yangu, 20 ndiyo imekaa sawa.

Ile ya 67, ya wakati laini inatumika, niliidharau mwanzoni, kwa kuwa nimewasha huduma ya kusubirisha simu na mpigaji wa pili husikika hata nikiwa naongea. Baadaye niligundua kwamba nikiikataa simu kwa kidole, mtandao huihesabu kama laini inayotumika na kuirusha kwa kijana papo hapo. Sasa nikiwa nimeshika bisibisi mkono mmoja, mguso mmoja unatosha, na mteja hajui kwamba amekataliwa.

Kwenye simu ya laini mbili, angalia unabonyeza ukiwa kwenye laini ipi, maana mimi nilishawahi kuelekeza laini ya nyumbani nikidhani ni ya kazi. Ukitaka kuhakiki, *#61# au *#62# itakuonyesha namba iliyosajiliwa. Mpangilio wenyewe hutunzwa kwenye mtandao, si kwenye simu. Simu yangu ilipopasuka kioo nilihamishia laini kwenye kitochi na kila kitu kikaendelea kama kawaida.

Kisichohamishwa ni ujumbe mfupi na simu za WhatsApp. Mteja akituma malipo ya awali, ujumbe wa muamala unakuja kwangu pekee, na kijana hana njia ya kuthibitisha mpaka nitoke kwenye maegesho. Hilo sijalipatia dawa zaidi ya kumwomba mteja awe na subira.

Lipo pia la usalama. Namba hizi hizi ndizo matapeli huwabonyezesha watu wakijifanya wahudumu wa mtandao, ili simu za mhanga, pamoja na zile za kusoma namba za uthibitisho, ziangukie kwao. Mtu yeyote usiyemfahamu akikuambia bonyeza nyota nyota ishirini na moja, kata simu. Kama umeshabonyeza, ##002# hufuta uelekezaji wa aina zote kwa mara moja.

Kwa jumla ningeipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya menyu iliyoweka chaguo baya kuliko yote mbele kabisa. Kijana naye nimemfundisha kupokea kila namba ngeni kwa kutaja jina la karakana, na mama mkwe amepiga tena wiki iliyopita, akasalimiwa shikamoo.