Uzoefu wangu: kazi ya mbizi kutoka meli yenye DP

Kwa muda mrefu nilipiga mbizi za kazi kutoka kwenye matishari yanayoshikiliwa na nanga. Mkataba niliomaliza juzi ulikuwa kwenye meli iliyoundwa mahususi kwa wapiga mbizi, yenye mfumo wa DP (dynamic positioning, yaani kompyuta inayoishikilia meli mahali pamoja), chemba za presha na kengele, yaani chumba cha chuma cha kutushusha chini ya maji. Nimeipenda, na sababu kubwa ni namna inavyotulia.

Meli ya DP haihitaji nanga. Kompyuta inasoma setilaiti, upepo na vipimo vya kwenye sakafu ya bahari, kisha inaziamuru rafadha zisukume huku na huku meli ibaki palepale. Kwangu mimi niliye chini hilo ni suala la uhai, maana gesi ya kupumua, maji ya moto ya kupasha suti, umeme wa taa na simu vyote vinanifikia kwa ambilikali, yaani fungu la mipira na nyaya linaloniunganisha na kengele. Meli ikihama, inanivuta. Septemba 2012, kwenye Bahari ya Kaskazini, DP ya meli ya Bibby Topaz iligoma, meli ikasukumwa na bahari, na ambilikali ya mpiga mbizi Chris Lemons ikakatika akiwa karibu mita 90 chini. Mitungi yake ya akiba ilikuwa na gesi ya dakika chache tu. Ilipita takriban nusu saa ndipo wenzake wakamfikia, na akapona.

Ndiyo maana nikipanda meli, kwanza nauliza daraja la DP. DP2 maana yake ni kwamba mtambo mmoja ukifa, meli haipotezi nafasi yake. DP3 inahimili hata chumba kizima kikiungua au kujaa maji. Yetu ilikuwa DP2, na niliona ikifanya kazi. Nilikuwa nakaza boliti za flanji (maungio ya mabomba), jenereta moja ikazima, taa ya njano ikawaka kwenye chumba cha udhibiti. Supavaiza akasema mara moja, kwa sauti ileile ya kila siku: "Acha zana, rudi kwenye kengele." Nikafuata ambilikali hadi kwenye kengele, nikakaa na mwenzangu kusubiri. Meli haikuyumba hata kidogo. Supavaiza wa namna hiyo namtaka kila safari.

Kengele inashuka kupitia kisima, yaani tundu lililo wazi hadi baharini katikati ya meli, si ubavuni. Aliyewahi kupigwa na mawimbi pale uso wa maji anajua raha yake.

Kwenye chemba tuliishi chini ya presha hadi kazi ilipoisha, kwa sababu ukifanya kazi mita 100 chini, kushusha presha mwilini huchukua takriban siku nne. Ukikimbilia nje, damu inachemka mapovu. Heliamu iliyo kwenye gesi tunayopumua hunyonya joto la mwili haraka, kwa hiyo chemba ilipashwa hadi karibu nyuzi 30, na mafundi wa zamu walikuwa wepesi kurekebisha ukiwaambia baridi imeingia. Chakula kilipita kwenye kijimlango cha chuma chenye presha yake, na kila chupa ililegezwa kifuniko kabla ya kuingia. Usafi nausifu; vitanda ni vyembamba mno kwa mtu mwenye mabega.

Kilichonikera ni kifaa cha kusafisha sauti. Heliamu inafanya sauti iwe nyembamba kama ya bata, na kifaa kile kilikuwa kinakwaruza kiasi cha kunilazimu kurudia neno moja mara tatu. Kreni ikiwa imebeba mzigo juu yako, hilo halikubaliki. Tulilalamika, tukaahidiwa, mkataba ukaisha.

Jambo moja walilifanya vizuri kuliko meli zote nilizopanda: kabla hatujaingia kwenye presha walitupeleka kuiona boti ya uokoaji yenye chemba ndani yake, wakatufungulia mlango, tukakaa na kufunga mikanda. Meli ikiungua, mabaharia wengine wataruka. Sisi njia yetu ni ile boti tu. Wakiniita tena nitaenda, ila kabla ya kusaini nitaomba nikijaribu kwanza kifaa cha sauti.