Mapitio: safari ya mashua ya kutazama ndege wahamaji, Ghuba ya Mwanza

Huduma ninayoipitia hapa ni safari ya siku nzima ya mashua, inayoanzia karibu na Capri Point jijini Mwanza na kufuata ufukwe wa Ziwa Victoria hadi Malimbe na Luchelele, kwa lengo la kuwaona ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Nilikwenda mwezi Oktoba, wakati mbayuwayu na buabua (ndege wa majini wenye mabawa marefu yaliyochongoka) wamekwisha kufika, na kwa maoni yangu thamani ya safari hii imo katika macho ya kiongozi wake kuliko katika chombo.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyotufundisha kuwatofautisha buabua. Buabua mabawa-meupe, ambaye huko anakozaliana huwa na mwili mweusi, hufika kwetu akiwa amepoteza weusi huo, hivyo asiyezoea humchanganya kwa urahisi na buabua wengine weupe. Tulielekezwa kutafuta mabaka meusi yaliyosalia chini ya bawa, na kuangalia anavyoinama kudonoa wadudu juu ya maji bila kupiga mbizi. Wingu la wadudu wa ziwani lilipopanda mfano wa moshi, kiongozi alizima injini tukiwa bado mbali, akaiacha mashua isogezwe na upepo, nasi tukawatazama mbayuwayu na buabua wakila kwa muda mrefu bila kushtuka.

Kwenye majabali tulimwona chamchanga mdogo, ndege wa ufukweni asiyechoka kutikisa mkia, mmojammoja. Kwenye tope nyuma ya matete walikuwepo wenzake wenye madoa mgongoni. Furukombe, minandi na midiria ni wenyeji, na hawakosekani.

Kasoro kubwa ni saa ya kuondoka. Saa tatu asubuhi ni kuchelewa, kwa kuwa baadaye upepo huchafua ziwa na darubini haitulii mkononi (darubini zenyewe zilikuwa mbili kwa watu sita, moja ikiwa na ukungu ndani). Isitoshe, muda mwingi ulitumika Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, tukitazama pimbi na mijusi ambao hawakuwa dhamira yetu, na kiingilio hakikuwamo katika bei.

Jaketi za kujiokolea zilitutosha sote. Anayetaka kukodi aafikiane nao waondoke saa kumi na mbili, waanzie Luchelele, na kisiwa kiachwe mwisho. Malipo huhesabiwa kwa mashua, hivyo wanne au watano wakichangia watapata nafuu.