Kuchagua Kipima Uwiano wa Hewa na Mafuta kwa Injini ya Turbo Iliyoongezwa Nguvu

Injini ya turbo ikishaongezewa presha au kufungwa injekta kubwa, hesabu za mafuta za kiwandani hazitoshi tena, na fundi anayezirekebisha hana budi kujua kinachotoka kwenye bomba la moshi. Petroli huungua yote kwa uwiano wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, yaani lamda 1 (lamda ni uwiano uliopo ukigawanywa kwa ule wa kuungua yote, hivyo chini ya 1 mafuta yamezidi), lakini turbo inapovuta kwa nguvu zote mafundi wengi hulenga kati ya lamda 0.75 na 0.82, ili mafuta ya ziada yapunguze joto la mwako na injini isigonge, yaani mchanganyiko usijilipukie wenyewe ndani ya silinda. Sensa ya kawaida ya oksijeni hubainisha tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7. Geji za bei rahisi zinazoisoma, zile zenye taa za rangi, nimeziweka mkiani, na sishauri mtu azinunue hata kwa majaribio.

Kinachotakiwa ni sensa ya waidibendi, ile inayopima uwiano wenyewe ni kiasi gani, na vifaa vingi vya leo hutumia ileile ya Bosch LSU 4.9. Kwa hiyo sura ya geji isimbabaishe mnunuzi. Fedha ziende kwenye kidhibiti, yaani kifaa kinachoendesha sensa na kutafsiri ishara yake, na jinsi kinavyopeleka kipimo kwenye kompyuta ya injini.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta yenye kidhibiti ndani yake, kama vile ECUMaster EMU Black. Aliye nayo hununua sensa peke yake, akaondokana na nyaya za katikati ambazo ndizo chanzo cha makosa mengi.

Asiye nayo achukue AEM X-Series, ambayo hutuma kipimo kwa njia ya CAN (mtandao wa kidijitali unaounganisha vifaa vya gari) na haihitaji kusawazishwa kwenye hewa safi. CAN ndiyo inayoipa nafasi ya pili. Kifaa hicho kina pia waya wa analogi, unaopeleka kipimo kama kiwango cha volti, ambao kila volti 1 yake ni sawa na 2.375 za uwiano. Eathi ikiwa mbovu kiasi cha kupotosha volti 0.1 tu, geji itaonyesha 11.5 huku kompyuta ikirekodi 11.7 au 11.3, na fundi ataongeza au kupunguza mafuta kwa kuamini takwimu isiyo sahihi. Namba inayosafiri kwa CAN haiguswi na kasoro hiyo.

Innovate MTX-L Plus inafuata. Inapima vizuri, ila anayeiunganisha kwa analogi afunge eathi yake mahali pamoja na ya kompyuta, kisha alinganishe takwimu za pande zote mbili kabla ya kugusa jedwali la mafuta. Vifaa vya zamani vya LSU 4.2, sensa ya Bosch iliyotangulia 4.9, vilivyokwisha kutumika viachwe, isipokuwa kama bajeti hairuhusu kabisa kingine.

Anayetumia E85, mafuta ya ethanoli iliyochanganywa na petroli kidogo, achague geji inayoonyesha lamda, kwa kuwa mafuta hayo huungua yote karibu na 9.8 kwa 1, na namba za petroli zitamchanganya bure.

Wakati wa kununua sensa, tazama plagi yake ya umeme: ndani yake mna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja, hivyo iliyokatwa plagi na kuunganishwa nyingine haifai. Sensa bandia ni nyingi, na bei ya kutupwa ni dalili ya kutosha.

Ifungwe baada ya turbo, kwa sababu presha iliyo kabla yake hupotosha kipimo, na ikae upande wa juu wa bomba, ncha yake ikielekea chini, ili maji ya bomba yasiifikie. Isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme injini ikiwa inawaka, maana masizi huiharibu. Hata ikitunzwa hivyo huchakaa, na petroli yenye risasi huimaliza mapema zaidi. Bei ya sensa ya akiba ihesabiwe tangu mwanzo.