Sola ya maji moto, Jambiani: mirija nimeitoa, bamba limebaki

Nianze na hili, maana kila anayeliona huniuliza: hii si sola ya taa. Haichaji hata simu. Kazi yake kupasha maji, basi.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vitano, Jambiani, Unguja. Zamani kila bafu lilikuwa na hita yake ya umeme. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 27 hadi 55 kunakula yuniti kama sita na nusu, na wageni wakitoka baharini jioni huoga wote kwa pamoja. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, inateremka huku unaitazama. Halafu umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Aliyekuwepo Unguja ile miezi mitatu ya giza, Desemba 2009 hadi Machi 2010, hana haja ya kuelezwa.

Nilianza na ya mirija. Mirija 20 ya kioo, kila mmoja una kuta mbili na katikati hewa imenyonywa yote, kwa hivyo joto likishaingia halipati pa kutokea. Kwa kupasha, sina la kuisema. Hata siku za mawingu maji yalikuwa moto, na wiki ya kwanza mgeni alitoka bafuni anapiga kelele, ikabidi nifunge valvu ya kuchanganya na baridi.

Kilichonishinda ni maji ya kisima. Sisi huku tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, maji yetu yana chokaa na chumvi kidogo, na ile yangu ilikuwa ya aina ambayo maji huingia ndani ya mirija yenyewe. Nilipochomoa mmoja baada ya miezi kumi, chini mlikuwa na kitu cheupe kilichogandamana kama ukoko wa wali.

Kisha ikaja siku ya pampu. Ilikuwa kaskazi, jua la kuchoma. Pampu iliharibika usiku, tangi likakauka. Saa saba mchana fundi akaitengeneza na kufungulia maji bila ya kuniuliza. Mirija mitupu imekaa juani tangu asubuhi, inapokea maji baridi: pa! pa! Ikapasuka mitatu, na maji yote yakamwagika, maana kwa aina hii mmoja ukivunjika tangi zima linashuka. "Bi mkubwa, kioo hiki kibovu," akanambia. Kioo hakikuwa kibovu. Kujaza ni alfajiri au baada ya magharibi, na aliyeniuzia hakunambia hata neno moja.

Nikajifunza na jingine: ncha ya chini ya mrija ina rangi ya fedha. Ukiiona imegeuka nyeupe, ujue hewa imeshaingia na mrija huo umekufa, japo haujapasuka. Ipo pia mirija yenye fimbo ya shaba ndani, ambayo maji hayagusi kioo kabisa. Ningeijua mapema pengine nisingehama.

Sasa nina ya bamba, mwaka wa pili huu. Ni sanduku la alumini lenye kioo juu, bamba jeusi na mabomba ya shaba ndani, na sufi ya kuzuia joto chini yake. Tangi liko juu ya bamba. Kinachopata moto huwa chepesi, kinapanda chenyewe; kilichopoa kinashuka. Pampu haina. Nilichagua yenye mzunguko wake uliofungwa: kimiminika cha kwenye bamba kinazunguka nje ya tangi na kulipasha, maji yangu ya chokaa hayafiki kwenye mabomba yale.

Kasoro zake? Bei karibu mara mbili. Nzito, juu ya makuti haikai, nikajenga zege juu ya mabafu. Miguu ya chuma ya kwanza ililiwa na kutu kabla ya mwaka, chukueni isiyoshika kutu tangu mwanzo. Na kipupwe, Julai hivi, anayeoga wa mwisho anapata vuguvugu. Kuelekeza hakukutusumbua: huku kusini ya ikweta bamba hutazama kaskazini, na fundi alipouliza kaskazini ni wapi mume wangu akamwambia, "Elekeza kibla."

Jirani zangu wanaolima mwani hunitania niwatengenezee na wao. Kwao inayofaa ni ya hewa: sanduku jeusi lenye kioo, upepo unapita ndani unapata joto na kukausha mwani, mvua haiugusi. Zile za vioo vya kumulika jua mahali pamoja, kama za Ouarzazate kule Moroko zinazotoa umeme, zinataka jua kavu lisilo na wingu. Mawingu yetu ya pwani yangezikatisha tamaa.

Mirija 17 mizima bado imo stoo. Mwenye maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chokaa, aje tuzungumze bei.