Sproketi ya nyuma kwa pikipiki ya Pemba: ununue ya meno mangapi?

Anayeingia dukani Chake Chake kununua seti ya cheni na sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni, moja mbele kwenye injini na moja nyuma kwenye gurudumu) huulizwa aina ya pikipiki yake, akapewa boksi, akalipa na kuondoka. Meno hayatajwi, ilhali hesabu ya meno ndiyo inayoamua kama pikipiki ya cc 125 itapanda kutoka bandarini Mkoani ikiwa na abiria na gunia la karafuu kwa gia ya pili bila kulalamika, au dereva atalazimika kurudi gia ya kwanza na kuiunguza klachi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawa meno ya sproketi ya nyuma kwa meno ya ile ya mbele. Nyuma 42 na mbele 14 hutoa uwiano wa 3, yaani sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukifunga 45 nyuma unapata 3.21, na gurudumu linasukuma kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 7 katika gia ileile, lakini injini nayo inazunguka zaidi kwa kiasi hichohicho ili kushika mwendo uleule. Difu ya gari hufuata kanuni hiyohiyo. Katika mashindano ya magari ya Marekani ya mbio fupi za mita 402, gari lenye difu ya uwiano wa 4.10 huondoka kwa nguvu kuliko lenye 3.08, na kwa kuwa mbio humalizika kwa sekunde chache, mafuta hayahesabiwi. Sisi mafuta tunayahesabu, kwa hiyo uwiano mkubwa tuuchukue kwa kiasi.

Kwa anayebeba abiria au mizigo Pemba, naweka nafasi ya kwanza sproketi ya nyuma iliyoongezwa meno 2 au 3 juu ya ile ya kiwandani, ya chuma, ikinunuliwa pamoja na cheni mpya na sproketi mpya ya mbele. Mwendo wa juu kabisa utapungua kidogo, jambo ambalo kwa barabara yetu ya Wete yenye kona na miteremko si hasara. Kila meno 2 unayoongeza hudai takriban pingili moja zaidi ya cheni, hivyo hakikisha cheni ya kwenye boksi inafika na nafasi ya kukazia bado ipo. Ukipata yenye meno ya witiri, kama 43 au 45, ichukue hiyo: pingili za cheni hupishana nyembamba na pana, na jino la sproketi ya witiri hukutana na zote kwa zamu, kwa hiyo hulika kwa usawa zaidi.

Nafasi ya pili ni seti yenye meno yaleyale ya kiwandani. Kwa mkaazi wa Unguja ambaye safari zake ni mjini hadi Paje au Makunduchi, ambako ardhi ni tambarare, ningeiweka ya kwanza bila kusita.

Ya tatu ni kupunguza jino moja mbele, kutoka 14 hadi 13. Ni njia rahisi kuliko zote na inaleta 3.23, karibu sawa na kuongeza matatu nyuma. Ila cheni inalazimika kujipinda zaidi kwenye duara dogo, hivyo huchakaa mapema, na kwa baadhi ya pikipiki husugua mpira wa uma wa nyuma.

Ya mwisho, ambayo simshauri mtu wa Pemba, ni kuongeza jino mbele kwa kutafuta mwendo. Mlimani injini inakosa pumzi.

Kubadilisha sproketi moja na kuacha cheni kuukuu sikuipa njia hiyo nafasi yoyote. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja wa mavuno. Cheni iliyovutika iliyala meno mapya yakainama kama mwezi mchanga, kisha ikaruka nikiwa katikati ya mlima na mzigo mgongoni mwa pikipiki. Kabla ya kwenda dukani, ivute cheni kwa vidole pale inapozunguka upande wa nyuma kabisa wa sproketi ya nyuma: ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, seti nzima imekwisha. Kwetu chumvi ya bahari huharakisha kutu, kwa hiyo kagua mara kwa mara.

Nenda na sproketi yako ya zamani mkononi. Meno yanaweza kulingana na matundu ya bolti yakakataa. Yahesabu meno mwenyewe pia, maana aliyekuuzia pikipiki huenda aliyabadilisha. Namba ya cheni nayo ilingane: 420 na 428 zina pingili za urefu mmoja, milimita 12.7, lakini hutofautiana upana, na haziingiliani.

Fundi akimaliza kufunga, angalia klipu ya kiungo cha cheni: upande wake uliozibwa uelekee inakokwenda cheni, na ule wa wazi ubaki nyuma.